Shimo Jeusi la Kitambaa

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ipokee pamoja na goti langu, ingawa niko mbali na hulioni likipigwa. Mgongo wako unaendeleaje? Na miwani mpya, imeipenda pua yako au bado mnagombana? Yule jogoo wako mkorofi namsalimu pia, ila kwa mbali. Mimi ni mzima. Cherehani inalia kutwa, vidole vimejaa matundu ya sindano kama kawaida, na hamu ya kukuona inanisumbua kuliko kikohozi.

Najua utashangaa kupata barua ndefu hivi, maana kwenye simu huwa sivuki salamu. Lakini yapo mambo ambayo kwenye simu yananikwama kooni. Kaa vizuri kitini, uyasome taratibu.

Miezi kadhaa iliyopita aliingia kibandani kwangu mteja asiye wa kawaida. Ni mwalimu wa sayansi katika shule ya watoto wasioona, ile iliyo nyuma ya kituo cha zimamoto, na yeye mwenyewe haoni tangu utotoni. Aligonga kizingiti kwa fimbo yake, akauliza kama hapa ndipo kwa fundi anayeshona nguo za wanamichezo. Nikamwambia amefika. Akasema anataka kitambaa kile kinachovutika, nimshonee shimo jeusi.

Mama, nilidhani nimesikia vibaya. Nikamuuliza ni la kuvaa nani. Alicheka mpaka akashika meza. Kisha akanieleza kwamba huko angani kuna nyota kubwa ambazo zikifa hujikunja kwa uzito wao wenyewe, zikawa kitu kizito kiasi kwamba kila kinachosogea karibu mno humezwa, hata mwanga ukiingia hautoki. Hilo ndilo shimo jeusi. Shida yake ni kwamba vitabu vyote vinakazania huo weusi, na wanafunzi wake wengi hawajawahi kuona weusi wala weupe.

"Fundi," aliniambia, "weusi hautawasaidia kitu. Mimi nataka waushike uzito."

Basi nikaingia kazini. Nilitafuta ringi kuukuu ya baiskeli, nikakiwamba kitambaa juu yake kama ngozi ya ngoma, halafu nikapitisha mishono ya uzi mnene iliyoinuka, mistari na miduara, ili vidole viweze kuifuata. Katikati tuliweka jiwe la mizani. Siku ya kulijaribu, mshono ukaachia, jiwe likapita moja kwa moja mpaka kwenye kidole gumba cha mwalimu. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Yeye, huku anarukaruka kwa mguu mmoja, akasema hajawahi kusikia mtu aliyeumizwa na shimo jeusi akabaki hai kusimulia.

Nilipolitengeneza upya alinisihi nilipeleke darasani mwenyewe. Watoto walilizunguka, vidole juu ya kitambaa: pembeni mistari imenyooka, ukisogea ndani inaanza kuinama, inabonyea, mwisho kidole kinateleza chenyewe. Kisha mwalimu akaachia gololi. Iliviringika kwa mzunguko mpana, ukawa mdogo, ikazidi kuongeza kasi, na watoto wameinamisha vichwa wanaifuata kwa masikio, mpaka ikagonga jiwe, ta! Darasa zima likalipuka kwa kelele kama timu yao imefunga goli.

Kuna binti mmoja pale wanamwita Swali, na jina limemkaa. Aliuliza, ikiwa mwanga hautoki, hao wenye macho wamejuaje kwamba shimo lipo. Mwalimu akamjibu kuwa wao pia hawalioni. Wanachoona ni nyota jirani zikizunguka kwa kasi mahali panapoonekana patupu, ndipo wanajua hapo pana kitu kizito. Swali akafikiri, akasema, "Kumbe huko na wao wanapapasa kama sisi." Nilicheka pamoja nao, ila machozi yalinitoka, wala sikujua ni ya nini.

Siku hiyohiyo mwalimu alitusikilizisha sauti aliyoihifadhi kwenye simu yake. Alisema ipo na nyota nyingine ya ajabu, maiti ya nyota, haizidi ukubwa wa mji lakini ni nzito kuliko jua. Inazunguka upesi, na kila ikigeuka mawimbi yake yanatupitia, wataalamu wakayageuza kuwa sauti. Akabonyeza. Tak-tak-tak-tak-tak. Mama, ilikuwa cherehani tupu! Nikaropoka kwamba huyo fundi naye lazima ana nguo za harusi za kumaliza. Walicheka mpaka mwalimu mkuu akaja kuchungulia mlangoni.

Sasa nisikilize vizuri. Baada ya hapo lile shimo likawa halimalizi wiki bila kufumuka. Mara upande huu, mara ule. Mwalimu akawa analileta mwenyewe, anakaa kwenye benchi, mimi natia uzi na yeye ananisimulia habari za mbinguni na vituko vya shuleni. Nilianza kuona aibu. Mimi niliyefundishwa na wewe kukaza ncha ya uzi, mshono wangu unafumukaje? Mpaka siku moja alikuja ameongozana na Swali, na yule mtoto, bila hata kuulizwa, akasema, "Fundi, haufumuki. Mwalimu anaufumua kwa wembe. Huwa tunamsikia."

Mwalimu alishtuka kama aliyemwagiwa maji ya baridi. Nilimtuma Swali barazani akanichambulie kopo la vifungo. Ndipo mwalimu akakiri kwamba kitambaa ni kizima, asiye mzima ni yeye. Kwamba ameishiwa sababu za kuja, na angependa aje bila sababu. Akaniomba nikubali awe mume wangu. Alisema anajua nilikuwa mke wa mtu niliyempenda, na hakuja kumfuta mtu.

Nilimjibu kwamba anipe muda kwanza nimwandikie mama mzazi wa marehemu mume wangu, yaani wewe. Akasema ni haki kabisa. Akainuka, akachukua fimbo yake, akaelekea mlangoni. Hapo, Mama, ndipo penye la kukuungamia: hakufika kizingitini. Ulimi hauna mfupa. Nilimwita nikamwambia nimekubali.

Usione nimemsahau mwanao. Siku ya mazishi ulinikumbatia mbele za watu ukasema nimeondokewa na mume, sikuondokewa na mama. Neno hilo ndilo lililonisimamisha mpaka leo, na ndilo linalonitia hofu ninapoandika. Barua hii nimeichana mara nyingi.

Walionizaa hawapo, unajua. Mwalimu na kaka yake wanataka kuja kuniposa kwa heshima, wameniuliza waje kwa nani. Sina mlango mwingine wa kuwaonyesha isipokuwa wako. Moyo wako ukikataa, niambie bila kunificha. Sitakudanganya kwamba nitamwacha, lakini nitaolewa ninalia.

Na lipo jambo moja zaidi. Juzi aliniuliza marehemu alikuwa akicheka vipi. Wengine wote huuliza alikuwa na sura gani, alikuwa mrefu au mfupi. Nikafungua kinywa nimwigizie, nikaona siwezi. Sura yake ninayo, mikono yake ninayo, ila kile kicheko kimenitoka kichwani, sijui tangu lini. Iliniuma, Mama, nikainamia cherehani. Mwalimu akanitafuta mkono akaushika, akasema tusikibahatishe wakati yupo aliyekisikia tangu kikiwa cha mtoto mchanga. Kwa hiyo anaomba hivi: hata kama posa utaikataa, umruhusu aje akae nawe barazani siku moja, umwigizie jinsi mwanao alivyokuwa akicheka, nami niwe pembeni nisikie.

Nisalimie majirani wote, na yule shoga yako wa nyumba ya pili mwambie kanzu yake iko tayari. Usibebe ndoo, mgongo huo si wa kuchezea. Nangoja jibu lako kwa moyo unaodunda.

Mimi mwanao, kama bado utaniita hivyo,

Fundi