Umeniuliza Jiwe la Mama

Basi niendelee pale nilipofikia kabla simu haijakatika, mdogo wangu, maana ilikatika pale patamu: Mama Miwani, huyu jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alitengeneza samaki wa simenti, na kila aliyepita akamwuliza hiyo kandambili ya nani. Alinuna siku mbili. Siku ya tatu akamtia samaki macho mawili makubwa, sasa ni kandambili yenye macho.

Haya, salamu nimezisahau! Usinicheke. Hujambo? Shemeji hajambo? Kile kikohozi kimeisha, au bado unakohoa kama pikipiki inayokataa kuwaka? Sisi huku wazima. Mgongo tu ndio unanikumbusha umri, na lile jino la mbele nimeling'oa, sasa nikicheka naziba mdomo kama bibi harusi.

Najua umeniuliza jiwe la mama, lile la kusagia. Umesema jiko lako jipya limekwisha, umelitengea pembe yake, na mwisho wa mwezi unakuja kulichukua. Nimesikia. Nitafika huko. Ndiyo maana nimeshika kalamu, maana kwenye simu ungenikatiza. Kwanza nikuelezee karakana, la sivyo hutanielewa.

Unalikumbuka lile ghala la barafu walipokuwa wakihifadhi samaki? Lilikaa tupu miaka, kuta zinatoka jasho la chumvi, popo ndio wenye nyumba. Akaja mwalimu mmoja mwanamke, ovaroli asubuhi, ovaroli jioni, tukambatiza Mwalimu Ovaroli. Akaliomba, akapewa, akasema hii ni karakana ya sanaa ya kijiji kizima, mwenye mikono aje. Na ule uwanja wa nyuma unaotazama bahari, uliokuwa jalala, sasa ni bustani ya sanamu. Mimi niliingia humo kwa ufagio. Miezi mitatu nafagia vumbi la watu huku nawaambia, wewe pua imepinda, wewe mguu mmoja mfupi, mpaka mwalimu akasema mdomo huu nao upewe kazi. Akanikabidhi mwiko wa kupakia simenti.

Nikasema nitamtengeneza mama. Amekaa kwenye kigoda, ameinama mbele kidogo, vile alivyokuwa akitusikiliza tukishtakiana.

Kazi yenyewe iko hivi. Unakunja nondo nyembamba ziwe mifupa, Fundi Chuma anaziunga kwa moto, unavika waya wa banda la kuku uwe ngozi, ndipo unapaka simenti na mchanga kwa mkono, kidogo kidogo. Mchanga wa mtoni lakini, si wa pwani, wa pwani una chumvi. Mimi niliambiwa, nikaitika ndiyo mwalimu, halafu nikaona huu ni ujinga, mchanga umejaa mpaka mlangoni, mtoni nifuate nini? Mama wa kwanza akakauka vizuri tu. Wiki ya pili pua ikadondoka. Ya tatu mashavu. Akawa anamomonyoka kama biskuti kwenye chai. Fundi Chuma akapita akauliza huyu ni mama yetu au ni bibi yake mama. Nilimpa tusi moja nene, akacheka mpaka miwani yake ya kuchomelea ikaanguka.

Wa pili nikafuata mchanga mtoni. Huyu alitoka, mdogo wangu. Alitoka mpaka nikaogopa. Kitambaa kimekaa upande, na lile shavu alilokuwa akiliuma kwa ndani akipanga namna ya kukugombeza. Mama Miwani alimwona akamwamkia, shikamoo kabisa, halafu akajifanya anasafisha koo. Shida ikawa moja tu: kwa vile ameinama, hatulii. Upepo ukija anakwenda kifudifudi. Mara mbili tumemkuta ameibusu ardhi. Mwalimu akasema tumbo bado liko wazi, tutie kitu kizito ndani kwa upande wa nyuma, tushindilie, ndipo tufunge.

Hapa nilisimamisha kalamu. Nimefagia tena sakafu ambayo asubuhi nilishaifagia.

Mdogo wangu, jiwe liko humo. Nimelitia kwa mikono yangu, nikalishindilia simenti, nikalainisha juu kwa kitambaa kibichi. Siku ile uliponipigia simu nikakwambia liko mvunguni, nimelifunika gunia, lilikuwa limeshagandia tumboni siku tisa.

Ningeweza kukwambia nilikosa kitu kingine kizito, na wewe ungeniamini. Lakini tofali zilikuwepo. Mwalimu aliniletea nne, hazijaenda popote, ndizo nilizokalia ninapokuandikia. Nilitoka hapa karakanani kwa miguu yangu, nikaenda nyumbani, nikalibeba kichwani jua la saa saba, nikijua ni lako. Mama kabla hajafa alisema mbele ya watu, jiwe ni la kitinda mimba. Mimi niliyemwogesha miaka miwili na kumgeuza kitandani, nikapewa masufuria. Siku ile nilicheka nikagawa chai. Unanijua, habari za kijiji kizima zinapita mdomoni kwangu, lakini hiyo moja ilinikwama kooni miaka sita. Nilipolifunika nikasema moyoni, haya, sasa tuone nani atalichukua. Nikafurahi, sikufichi. Nikafurahi mpaka nilipofika nyumbani, nikainama mvunguni na ufagio, nikakuta ile duara nyeupe sakafuni pale lilipokuwa likikaa. Nikakaa chini hapo hapo.

Mwalimu hana kosa, alidhani jiwe ni langu. Juzi nimemwuliza kama linaweza kutoka. Akasema linatoka, ila kwa nyundo, na ni lazima kuanzia tumboni, na mama hatabaki. Nyundo nimeiazima kwa Fundi Chuma, iko hapa chini ya meza. Uje umwone kwanza, halafu uamue. Ukisema nivunje, nitavunja mimi, usiiguse wewe. Na ukisema hunitaki tena, nitalia, lakini sitakubishia.

Mtoto wa jiwe sikumtia, kile kijiwe cha mkononi. Kipo hapa, nimekandamizia karatasi hii maana upepo leo hauna adabu. Bado kina pale palipolika kwa dole gumba lake. Hicho ni chako hata ukinichukia.

Barua nitampa dereva wa lori la simenti kesho, atakuletea mpaka mlangoni, upate siku za kutosha kunitukana kabla hujafika, ukifika uwe umechoka. Nisalimie shemeji, mwambie ile redio yake bado ninayo na bado haiimbi. Wasalimie majirani zako wote, hata yule wa

Hebu ngoja. Mama Miwani ananiita huko bustanini, kelele utadhani nyumba inaungua. Anasema nije mbio, kuna mgeni wa kike, mwembamba, begi kaliacha njiani, kaikalia sanamu yangu mapajani, kaikumbatia shingo na hataki kushuka, na sanamu haijatikisika hata kidogo. Nimemwuliza kupitia dirishani ni nani. Anasema hasemi, anakohoa tu.

Kikohozi nakisikia mpaka hapa. Nakijua.

Nakuja, nakuja! Nyundo ikae chini ya meza kwanza. Kijiwe nakuja nacho, karatasi na ipeperuke