Mbuzi kwenye Banda la Tumbaku

Mjukuu wangu Mwajuma,

Marahaba. Hapa Isevya hatujambo, na bibi yako amepona mguu. Umeuliza upeleke picha ngapi kwenye maonyesho ya wachoraji wa vitabu vya watoto.

Enzi za Ujamaa, wachapishaji walipokuja Tabora kutafuta wachoraji, nilijaza meza picha thelathini. Mwalimu Zuhura, mwandaaji wa maonyesho hayo, aliwaingiza watoto kwanza. Walizipita zote, ila msichana mmoja alisimama kwenye picha ya mbuzi aliyeingia banda la tumbaku.

“Halafu ikawaje, kaka?”

Nikaziondoa nyingine, nikaketi kumchorea yaliyofuata. Watoto wakanizunguka hata wachapishaji wakakosa pa kupita. Ndivyo nilivyopata kitabu changu cha kwanza.

Peleka chache, mama, zile za kumfanya mtoto aulize yaliyofuata. Nakujua, unazo.

Babu yako,
Ramadhani