Kitambaa Chako Kwenye Sikio la Sufuria

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua marahaba yako sitaisikia, ila mkono umekataa kuanza barua hii kwa neno jengine.

Nimekaa hapa Mbweni, kompyuta iko wazi mbele yangu na sina hamu nayo. Nakukumbuka wewe na lile sufuria lako la shughuli, lililopika pilau ya nusu ya mtaa wetu wa Malindi. Kila nyumba iliyoliazima ilifunga kipande cha khanga kuukuu kwenye sikio lake, na iliyomaliza ilifungua chake. Mara nyingi lilitoka arusini likaenda moja kwa moja kwenye hitima bila kupita kwetu. Hukumfuata mtu kumuuliza. Aliyefungua chake akakuta kimebaki chako peke yake, kile kisichofunguliwa siku zote, ndiye aliyelirudisha nyumbani. Nilipokuwa mdogo nilikuuliza, kama sufuria ni letu, mbona halikai kwetu? Ulicheka, ukanambia, "Sufuria la aliyelishika, mwanangu. Mimi nnalitunza tu, wasije wakaliacha wote."

Uliwaambia majirani kwamba natengeneza kompyuta, wakaniletea pasi na rimoti. Sikuwahi kukueleza vizuri kazi yangu. Naandika programu za kiini cha mfumo wa kompyuta, ile sehemu ya chini kabisa inayozigawia programu nyingine nafasi ya kumbukumbu. Kila kitu humo kina hesabu ya wanaokishika. Anayekichukua anaongeza moja, anayemaliza anapunguza moja. Ikifika sifuri, kiini kinakifuta na nafasi yake anapewa mwengine. Ni vitambaa vyako, mama, ila havina rangi.

Ulipokuwa unaumwa nilikuwa nahangaika na kosa moja. Mashine zilikuwa zinaganda ovyo, nami nikikaa kando ya kitanda chako na kompyuta mapajani, wewe ukinigombeza nile kwanza. Ulipokwisha kuondoka ndipo nilipoliona. Sehemu moja ya programu ilikuwa inamkabidhi mwenzake kitu, lakini ilikiachia kabla mwenzake hajakishika. Hesabu iligusa sifuri kwa kitambo kidogo tu, kitu kikafutwa, na yule wa pili akaja kuandika juu ya mali ya mtu mwengine. Dawa yake ilikuwa kupandisha mstari mmoja juu ya mwenzake: anayepokea ashike kwanza, ndipo anayetoa aachie. Nililia pale pale kazini, wenzangu wakadhani ni uchovu.

Jana tulikutana Malindi kugawana vyombo vyako. Sufuria lilikuwa limerudi, lina kitambaa chako tu. Kaka Seif alisema siku hizi watu wanakodi wapishi wanaokuja na vyombo vyao, bora lichukuliwe na mnunuzi wa vyuma chakavu. Hakusema kwa ubaya. Alitaka yaishe tuondoke, maana nyumba ile bila wewe haikaliki. Akainama, akaanza kulifungua fundo lako.

"Ngoja, kaka, usikifungue. Nnafunga changu kwanza."

Alinitazama kana kwamba nimepandwa na shetani. Nilichana pindo la khanga niliyojitanda, nikalifunga pembeni ya chako, nikakaza. Kisha nikamwambia, haya, sasa fungua, sufuria litakuwa fungu langu. Fundo lilikuwa limeshiba moshi na mafuta, ikabidi atumie meno.

Nina hamu nawe sana, mama. Natamani hata ugomvi wako.

Kitambaa kilipotoka nilinyoosha mkono nikipokee. Kaka alikikunja taratibu, akakitia mfukoni mwa kanzu yake, akageuka akatazama dirishani. Sikumwomba.

Lala kwa raha. Sufuria lina mtu.

Mwanao,
kitinda mimba wako