Kumbukumbu ya Babu, Dereva wa Kobe

Ni mwaka mmoja sasa, Babu, tangu tulipokusindikiza ukiwa na grisi chini ya kucha. Waliokuosha walisugua kwa sabuni, wakasugua kwa mafuta ya taa, mwisho wakanyoosha mikono. Bibi akawaambia, "Mwacheni aende nayo. Bila hiyo hata huko aendako hawatamjua."

Tunazikumbuka asubuhi za mavuno, ulipokuwa ukiliamsha trekta lako la minyororo, lile tulilolibatiza Kobe kwa sababu ya mwendo wake. Kwanza uliwasha injini ndogo ya petroli iliyokaa ubavuni, ikalia kama mbuzi aliyekanyagwa mguu. Hiyo ndogo ndiyo iliyoizungusha ile kubwa ya dizeli, nayo ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikanyamaza kama inayotafakari, kisha ikakubali. Wewe uliisubiri umevua kofia, kwa heshima ambayo, tunasikitika kukujulisha, hakuna mwanao hata mmoja aliyewahi kuionja.

Nyuma ya Kobe ulifunga mashine ya kuvunia, kuukuu nayo, isiyoweza kwenda popote bila kukokotwa. Juu ya jukwaa lake alisimama Bibi, kitambaa puani, akizungusha usukani wa kupandisha na kushusha visu huku ngano ikimiminika kwenye magunia. Wewe mbele, yeye nyuma, kelele katikati. Hamkuweza kusikilizana kuanzia asubuhi hadi jioni, na wapo majirani waliosema ndiyo sababu ndoa yenu ilidumu. Bibi akitaka usimame alikurushia bonge la udongo mgongoni. Hakuwa na shabaha ya kubahatisha. Wakati wa chakula ulijipangusa shingo ukasema, "Mama Watoto, leo umenipiga sana." Naye akajibu, "Leo ulikuwa kiziwi sana."

Alimwita Kobe mke mwenza. "Mwenzangu anapakwa mafuta kila asubuhi," alisema. "Mimi napewa vumbi."

Ulikuwa mpole kwa watu wote isipokuwa aliyekalia kiti chako. Ulikuwa ukikifunika kwa gunia kila ulipofunga kazi, na ulipoondoka Bibi hakuruhusu mtu aliguse gunia hilo. Mnunuzi wa vyuma chakavu akaja kuitazama minyororo. Akaja tena. Mwishowe akawa anatuamkia kama mkwe.

Kisha ngano ikaiva. Mashine mpya ya kukodi ilimaliza sehemu ya tambarare bila shida, lakini dereva wake alipofika juu ya mteremko, kule shamba linakoshuka kando ya korongo, alizima injini akachungulia. "Mama," alimwambia Bibi, "mimi nina watoto." Akageuza, akaenda zake. Mawingu yalikuwa yamekwisha jikusanya, na nusu ya ngano yetu ilikuwa mle mteremkoni. Bibi akalitoa gunia kwenye kiti kwa mkono wake mwenyewe.

"Kobe akishuka hapa, anabaki," alisema. "Akishindwa, mwiteni yule mtu wa vyuma aje na lori lake."

Wewe tabia ya Kobe unaijua, lakini tangazo hili litasomwa na watu wengine. Hana usukani, ana fimbo mbili za chuma. Kwenye tambarare, vuta ya kushoto, anakwenda kushoto. Akiwa anateremka, mashine nzito ikimsukuma kutoka nyuma, mambo yanapinduka: vuta ya kushoto, anakwenda kulia. Baba Mdogo, uliyemfundisha tambarare tu, habari hiyo alikuwa ameisikia, kama watu wanavyosikia kwamba kuna nchi zenye theluji.

Ndiye aliyepanda. Bibi akasimama jukwaani pake. Hawakufika mbali, Kobe akaanza kuvutwa kulia, kwenye korongo. Baba Mdogo akavuta fimbo ya kushoto kwa nguvu zote, na Kobe akaongeza bidii kwenda korongoni. Bonge la udongo likampata shingoni, akakanyaga breki, akashuka.

"Mama, tumwachie tu mtu wa vyuma. Hili trekta lilikuwa la Baba, basi."

Bibi alishuka jukwaani. Alimwita Shangazi. "Panda jukwaani, ushike usukani wa visu. Visu visiguse udongo, hayo mengine niachie."

"Mama, mimi nashona nguo."

"Basi shona na hii."

Akapanda kitini. Baba Mdogo alitembea pembeni akipiga kelele, "Kushoto, Mama! Vuta ya kushoto!" Bibi akavuta ya kulia, polepole. Kobe akageuza pua kushoto, akaliacha korongo, akateremka kwa adabu zote alizokuwa akikufanyia wewe. Walishuka, wakapanda, wakashuka tena, hadi mteremko ukabaki mabua matupu. Mvua ilipoanza, magunia yalikuwa ghalani.

"Mama," Baba Mdogo aliuliza, "Baba alikufundisha lini?"

"Anifundishe? Baba yako angenipa figo kabla ya kunipa kile kiti." Bibi alikuwa akitoa makapi masikioni. "Nimesimama nyuma ya mgongo wake tangu wewe hujazaliwa. Ulitaka nitazame nini, mawingu? Kiwiko cha kulia kikirudi nyuma, tunaingia kushoto. Na kabla hajavuta, bega linashuka kidogo. Hivi." Akalishusha bega lake. Baba Mdogo akainamisha uso, Shangazi akaenda kutafuta maji ambayo hakuna aliyeyaomba.

Utuwie radhi kwa picha iliyo juu ya tangazo hili. Sisi tulichagua ile uliyovaa suti. Bibi aliitazama kwa muda akasema huyo anafanana na wewe tu. Akatoa hii, ambayo mwenye gazeti aliirudisha mara mbili akidhani tumekosea: kofia, shingo, na mgongo wenye udongo.

Unakumbukwa na mkeo, Mama Watoto. Baba Mdogo, aliyeomba isemwe kwamba kwenye tambarare hana mpinzani. Shangazi, fundi cherehani. Wajukuu zako wote. Na mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa namna yake.

Tutakukumbuka daima, Babu, msimu hadi msimu.