Urefu wa Ukuta wa Kona kwa Kona

Nyumba ya Marehemu Baba,
Chumba cha mbele.
Tarehe 9, mwezi wa sita.

Mpendwa mdogo wangu,

Amani ya Mola iwe nawe na wote walio chini ya paa lako. Natumaini kifua chako kimetulia, na shemeji yangu amepata nafuu ya mgongo. Mimi ni mzima kwa kadiri umri unavyoruhusu. Magoti hayanisikilizi tena, na siku hizi naswali nimekaa kitini. Tunashukuru kwa hilo pia.

Barua yako imenifikia. Niliisoma polepole, nikaiweka chini, nikaisoma tena. Sikukasirika. Nilichoka tu, uchovu wa mtu anayedaiwa kitambulisho na ndugu aliyelala naye mkeka mmoja.

Unasema namba yangu inakua kila nikuandikiapo. Ni kweli. Tulipokubaliana kuugawa ua wa nyuma, ambao ni mraba wa mita kumi kila upande, kwa ukuta wa mshazari kutoka kona ya lango hadi kona ya kisima, ili kila mmoja wetu alifikie lango na maji, nilikuandikia kwamba ukuta utakuwa mita 14.14. Mpima ardhi alipokuja akaandika 14.142. Kikokotoo cha binti yangu kikaonyesha 14.1421356. Nawe ukaniuliza kama ukuta wa baba umetiwa mbolea. Ukaongeza kwamba bila kuiona namba kamili hutatia sahihi, kwa kuwa namba ikisogea mstari nao umesogea, na haukosi kusogea upande wako.

Hofu hiyo naielewa. Lakini tangu uiandike, binti yako anayeishi nasi hakanyagi ua huo, na yeye na binti yangu hupishana ukumbini kama wapangaji. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ukuta hauniumizi kichwa.

Basi nilimketisha binti yangu, ambaye unajua ni mwalimu wa hesabu, nikamtaka aniandikie namba hiyo hadi mwisho wake.

“Baba, haina mwisho.”

“Hata ukikaa mpaka jioni?”

“Hata nikikaa mpaka kiyama. Karatasi ndiyo itakayokwisha.”

Nilidhani ananikwepa. Nikamwambia kwamba hata theluthi haina mwisho ukiiandika kwa desimali, tatu baada ya tatu bila kukoma, na hakuna anayeitilia shaka. Akanijibu kwa upole kwamba theluthi ni namba yenye uwiano: yaandikika kwa namba mbili nzima, moja juu na tatu chini. Zote za aina hiyo ama huishia mahali, ama hufika mahali zikaanza kujirudia. Namba ya ukuta wetu haiishii popote wala haijirudii. Ni namba isiyo na uwiano.

Ile sehemu uliyoipendekeza wewe, mita kumi na nne na moja ya saba, fundi mwashi naye huitumia. Kwa kazi ya saruji yatosha, maana inazidi kwa chini ya milimita moja. Ila siyo yenyewe, wala hakuna sehemu nyingine iliyo yenyewe.

Nilimtaka anithibitishie, naye akanithibitishia kwa shufwa na witiri, maneno tuliyoyasoma sote wawili tukiwa wadogo. Chukua mraba wenye upande wa moja. Upande ukiwa kumi, hoja haibadiliki. Tuseme mshazari wake ni sehemu iliyokwisha kupunguzwa kabisa. Kwa kanuni ya pembetatu mraba, namba ya juu ikizidishwa kwa yenyewe ni sawa na mara mbili ya namba ya chini iliyozidishwa kwa yenyewe. Kwa hiyo ya juu ni shufwa. Ikiwa hivyo, ikizidishwa kwa yenyewe yagawanyika kwa nne, na hesabu inailazimisha ya chini nayo iwe shufwa. Basi zote mbili zagawanyika kwa mbili, ilhali tulisema haziwezi kupunguzwa tena. Nilikaa na jambo hilo asubuhi nzima, nikitafuta pa kulipasua. Sikupaona.

Fundi alipoona tunaandika tu, alisema, “Mzee, mimi hujenga kuta, sijawahi kujenga desimali. Nipeni uzi.”

Akapiga kigingi kila kona. Nilimwita binti yako ashike ncha ya kisimani, akaja amenuna. Wangu akashika ya langoni.

“Vuta, mbona mkono umelegea kama wa mgonjwa?”

“Vuta wewe, mwalimu. Mimi sijalipwa.”

Wakacheka, mdogo wangu, wote wawili. Uzi ukanyooka. Urefu ule tunaoshindwa kuuandika ulikuwa pale mzima, kona hadi kona. Mstari haukuwahi kusogea. Kalamu zetu ndizo zilizokuwa zikiukaribia.

Kwa hiyo sitakutumia namba ndefu zaidi. Sina, wala hakuna aliye nayo. Nakuomba uchague upande wewe kwanza, wa jua la asubuhi au wa jua la jioni. Utakaobaki ndio wangu. Fundi hataweka tofali hata moja kabla ya neno lako.

Nisalimie shemeji, wanao, na yule mjukuu mnayemwita Profesa. Mabinti zetu wanakuamkia. Mola akulinde katika kutoka kwako na kuingia kwako, na aulainishe moyo wako kama ninavyomwomba aulainishe wangu. Ukuta huu na utenganishe ua tu.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye kama siku zote.