Picha Iliyomtangulia Mzee Kulwa

Jumatatu, 4 Novemba

Skrini mbili za kuchapia fulana nimeziosha. Ya tatu imeziba, dawa imekaukia humo, nimesugua hadi mkono umekufa ganzi. Fulana za vijana wa bodaboda zimekwisha. Wameandikisha "Usalama Kwanza" mgongoni. Wameondoka nazo watatu kwenye pikipiki moja.

Mchana kaja Regina, muuza vitenge wa mtaa wa pili. Anataka picha ya baba yake, Mzee Kulwa, mkulima wa tumbaku wa Usoke. Amelazwa hapa Tabora, kifua. Picha iwe kubwa, ya kutangulizwa mbele ya jeneza. Mzee yu hai. Regina anasema mtu akifa leo kesho anazikwa, na mimi kwa kuchelewesha kazi sijambo. Yote mawili kweli. Chini niandike mwaka aliozaliwa, kisha "Alifariki", halafu niache nafasi.

Huu ni uchuro. Nimekubali.

Jumatano, 6 Novemba

Picha niliyopewa ni ya simu, siku ya komunyo ya mjukuu. Mzee ana kofia ya pama na koti. Begani kuna mkono wa mtu. Nimeufuta kwenye kompyuta, mwenyewe atajijua.

Njia yangu ni hii. Uso unatoka kwenye printa ya wino, na mikunjo yake yote, hata ndevu alizosahau kunyoa. Kisha juu yake nachapa kwa skrini: pama, koti, mboni za macho. Weusi mzito, unaosimama juu ya karatasi hadi kidole kinauhisi. Printa peke yake haina weusi. Ina kijivu chenye majivuno. Hakuna aliyenifundisha kuchanganya hivi viwili, na inaonekana.

Leo wino wa printa ni wa maji, wa skrini nao wa maji. Vikakutana. Pua ya mzee ikachuruzika hadi kidevuni. Mgonjwa wa kifua, nimemwongezea mafua.

Jumamosi, 9 Novemba

Nimepuliza vanishi usoni kabla ya skrini. Uso umetulia. Lakini mvua imenyesha, karatasi imevuta unyevu ikatanuka, pama likatua juu ya jicho. Mzee kama mwizi wa mbuzi. Nimeitupa.

Nimeiokota. Inachekesha.

Alhamisi, 14 Novemba

Imekubali. Nilivuta mpira wa kusukumia wino mara moja, bila kusita, nikainua skrini polepole. Mboni zimekaa mahali pake. Nikisogea kushoto ananitazama. Kulia, vilevile. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama hii. Labda ni majivuno. Ni majivuno.

Jioni kaja Regina, anacheka kabla hajafika mlangoni. Baba ameruhusiwa! Amekula ugali, amewagombeza manesi, amerudi Usoke. Kisha akaiona picha inaning'inia kwenye kamba. Akakaa juu ya ndoo.

"Igeuze ukutani," akasema.

Nimeigeuza.

Alhamisi, 21 Novemba

Deus, kaka yake Regina, kaja kuagiza jezi za timu. Akaigeuza picha. Binadamu hawezi kuona kitu kimegeuzwa akakiacha. Akasoma hadi chini.

"Nani kaleta hii?"

Nikanyamaza. Sura yangu haijui kunyamaza.

"Regina! Anamchuria baba! Mtu hata kukohoa hajaacha!"

Kaondoka bila jezi.

Ijumaa, 22 Novemba

Regina anataka niichome. Deus ameita kikao cha ukoo Usoke, Jumapili. Watamweleza mzee mbele ya shangazi zao kwamba bintiye alimwandalia kifo. Hapo nyumba ile haitakuwa kwao Regina tena. Na mzee akifa, hata kama ni miaka kumi ijayo, aliyemuua ni Regina. Mama yao alikufa mapema, mzee ndiye aliyemsuka nywele akienda shule. Alizisuka vibaya, anasema. Hakulia. Alikuwa anakunja kitenge kilekile, anakikunjua.

Nimemwambia nitaichoma. Sitaichoma. Sababu yangu si nzuri: ni picha nzuri.

Baadaye nikakumbuka kwamba mimi ni Mgogo. Wao Wanyamwezi. Babu zao walipita kwetu na mizigo kwenda pwani, na tangu hapo ni watani. Neno ambalo mtoto akilisema amelaani, mtani akilisema watu wanashika mbavu.

Jumapili, 24 Novemba

Basi la alfajiri. Picha magotini, nimeifunika shuka. Kondakta kauliza kama ni kioo. Nikamwambia karibu na hapo.

Nimekiwahi kikao. Mzee barazani, blanketi begani. Shikamoo nimemnyima makusudi.

"Mzee Kulwa, bado upo tu? Nimechoka kukusubiri. Wino unakauka."

Nikafunua. Shangazi mmoja akaziba mdomo. Deus akasimama. Regina alikuwa mlangoni na sinia la vikombe, haingii, hatoki.

Mzee akasoma kwa kidole. Alipofika kwenye "Alifariki" kidole kikasimama. Niliogopa. Naandika kama ilivyokuwa.

"Mgogo," akasema, "maisha yako yote kuomba. Leo umekuja kutoa?"

"Kwa Mnyamwezi natoa msiba tu. Vingine kaombe kwenu."

Kicheko chake kikageuka kikohozi. Wakampiga mgongo.

"Na hili sikio mbona kubwa?"

"Umezaliwa nalo. Kwetu tungelitoboa, angalau lingefaa kitu."

Deus akadakia: "Baba, hiyo picha Regina ndiye..."

"Regina kaleta sura," nikasema. "Maneno ya chini ni yangu."

Uongo. Mzee akanitazama. Akamtazama bintiye, muda mrefu. Vikombe vikawa vinagongana kwenye sinia.

"Nimesikia," akasema. "Kikao cha nini tena? Mpeni mgeni chai, asije akatuombea kwa majirani."

"Na picha uibebe mwenyewe," nikamwambia. "Si ninyi wapagazi?"

Mzee akajitwika kichwani, akaingia nayo ndani, blanketi linaburura.

Jumatano, 15 Januari

Mzee Kulwa amefariki. Jana, usingizini.

Nimekwenda Usoke na skrini ndogo. Nikachapa mwaka kwenye nafasi niliyoiacha, juu ya meza yao ya kulia.

Jeneza lilipotoka nikalala njiani, nikadai kuku, kama mtani anavyotakiwa. Deus akanimwagia unga. "Huyu hapa! Huyu ndiye aliyemchuria mzee!" Watu wakacheka, na wengine wakalia humohumo. Hakuna aliyemtazama Regina.

Baada ya maziko akaja na birika na beseni, akaninawisha mikono. Alimimina polepole, hadi birika likaisha.

Ugali ulikuwa wa moto. Nikala.