Nati ya Gurudumu la Nyuma

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje? Bado unakaza asubuhi, au yale mazoezi ya kukunja goti yameanza kusaidia? Baba naye hajambo, yeye na cherehani yake na ubishi wake? Mimi kwa afya sijambo. Nakula vizuri, na chumba nilichopanga kina dirisha pana linalotazama barabara. Mwenye nyumba alikuwa analalamika kwamba pikipiki inamdondoshea mafuta sakafuni. Nimetandika boksi chini yake na sasa tunasalimiana tena.

Najua utashangaa kupata barua wakati Jumapili tu tulizungumza kwa simu. Shida ni kwamba kwenye simu wewe hucheka, Mama, na ukishacheka mimi naishiwa maneno, nabaki kukuuliza habari za mvua. Mara tatu nimepiga nikiwa nimejipanga kusema, na mara tatu nimekata simu nikiwa nimeahidi kukuletea soksi nzito. Kwa hiyo nimeandika. Tafadhali isome ukiwa umekaa.

Kazi ya kusoma mita za maji inakwenda. Kwa siku napita nyumba sitini, nyingine ziko juu kabisa mlimani, ambako wenzangu hushuka wakasukuma. Mimi sishuki. Naingiza gia ya pili mapema kama ulivyonifundisha, nabana tangi kwa magoti, napanda polepole bila kelele. Msimamizi wetu ni mtu mgumu, sijawahi kumsikia akimsifu hata mkewe, lakini juzi aliniuliza ni nani aliyenifundisha kuendesha. Nikamwambia ni mama yangu. Akadhani namfanyia mzaha. Nikamweleza kwamba mama yangu ni muuguzi, kwamba alipeleka chanjo kwa pikipiki miaka ishirini na mitatu kwenye njia ambazo magari hayakufika, na kwamba kliniki nzima ilimwita Sista Gia. Akasema nikupe salamu zake. Basi nimezifikisha, ila wakati ananipa nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Umenipa mengi maishani, lakini hakuna nilichokipenda kama zile Jumamosi zetu. Wewe uliendesha kwenda, mimi niliendesha kurudi. Baba alikuwa akisimama mlangoni na futi yake shingoni, akiuliza tunakwenda kununua nini, nasi tulimjibu kwamba hatununui kitu, tunakwenda kuendesha tu. Hilo halijamwingia akilini mpaka leo. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye ndevu, nimekaa nyuma ya mama yangu, na sikuona haya hata chembe. Ulikuwa ukiimba ndani ya kofia ukidhani sisikii. Nilisikia kila kitu, Mama, na huwezi kuimba.

Pikipiki ilikuwa moja na waendeshaji wawili, ndiyo maana uliweka ile sheria ya kitambaa. Anayefungua kitu na kukiacha hakijakamilika, lazima afunge kitambaa chekundu kwenye usukani. Kikiwepo, hapana kuwasha. Kisipokuwepo, panda uende zako. Baba alitukatia kutoka kwenye bitana ya koti la mteja, akasema angalau sasa pikipiki imevaa. Kwa miaka tisa sheria ile haikuvunjwa.

Miezi minane imepita tangu uanguke pale kwenye kona ya kiwanda cha matofali. Siku ya tatu ukiwa bado hospitali, uliniita karibu ukanikabidhi funguo. Ulisema umezeeka, macho na mikono vimekusaliti, na afadhali umejivunja mwenyewe kuliko kumvunja mtoto wa mtu. Nilizipokea kwa mikono miwili nikasema asante.

Nilijiambia utapona, utarudi kliniki zile siku mbili za wiki ulizokuwa ukijitolea baada ya kustaafu, na mambo yataisha. Hukurudi. Nikajiambia unapumzika. Lakini Alhamisi mdogo wangu alinipigia simu analia. Nilidhani mtoto wake anaumwa. Akasema mtoto hajambo, ana miezi mitatu, mzito kama gunia, ila bibi yake hajambeba hata mara moja. Akikuletea kutoka chumba cha pili, unakaa na mikono katikati ya magoti, unamwambia amlaze kitandani umtazame tu, kwa kuwa utamwangusha. Wewe, Mama. Wewe uliyeshika vichanga wa watu mpaka hukumbuki idadi. Mdogo wangu aliniuliza kama najua una nini. Nikamwambia sijui. Huo ulikuwa uongo, na ndio umenikalisha hapa na kalamu.

Ijumaa ile alasiri, siku moja kabla ya ajali, nilikuwa nakaza mnyororo. Nililegeza nati ya gurudumu la nyuma, nikafunga kitambaa kwenye usukani kama kawaida yetu. Nilikuwa nimeshavuta gurudumu upande mmoja mvua ilipoanza, nikaisukuma pikipiki hadi barazani. Mikono ilikuwa imejaa grisi, na kitambaa kilikuwa hapo mbele yangu. Nikakifungua, nikajifutia mikono, nikakitia mfukoni. Mara mdogo wangu akaita kwamba chakula kiko mezani. Nikaenda kula, Mama. Nikala, nikaongeza, nikasahau.

Asubuhi wakakupigia kutoka kliniki kwamba mwenzako hakufika. Uliitazama pikipiki, hukuona kitambaa, ukapanda ukaondoka, kwa sababu uliniamini. Pale kwenye kona gurudumu lilikaa upande, mnyororo ukachomoka, ukalikaba. Hakuna dereva ambaye angeisimamisha pale.

Nilipofika ulikuwa umeshachukuliwa na gari. Niliiona nati, imebaki ikishikilia kwenye ncha tu. Niliikokota pikipiki hadi nyumbani, nikachukua spana namba kumi na tisa, nikarudisha mnyororo, nikakaza. Nilifanya hivyo kabla ya kuja kukuona. Sitakuambia kwamba nilichanganyikiwa. Nilijua ninachokifanya. Jioni fundi wa jirani alipoikagua, alikuta kila kitu kimekazwa sawasawa, akaja wodini kukueleza kwamba pikipiki haina ubovu wowote. Mimi nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda chako, kitambaa kikiwa bado mfukoni. Ulisema kwamba kitambaa hakikuwepo, basi kosa ni lako. Baba akasema alikwambia zamani uache pikipiki. Ukatikisa kichwa kukubali, nami nikanyamaza, na nimeendelea kunyamaza miezi minane huku nikipanda milima kwa pikipiki yako na kusifiwa.

Naona aibu, Mama. Mguu nilikuvunja kwa kusahau, na kwa hilo pengine ungenisamehe hata kabla plasta haijakauka. Lakini kukuacha uamini kwamba umekwisha, hilo sikulisahau hata siku moja. Nililifanya kila asubuhi nilipowasha.

Nimeomba ruhusa kazini. Ijumaa nitakuja na pikipiki na nitaiacha hapo, na mimi nitarudi kwa basi. Ukitaka kunisema, nitasikiliza mpaka mwisho. Ukitaka kukaa kimya, nitakaa nje mpaka utakaponiita, au usiponiita nitaondoka. Sikuombi uendeshe tena. Hilo utaamua mwenyewe, ila uliamue ukijua ukweli.

Msalimie Baba sana, na barua hii umsomee yote, hata pale nilipoandika kuhusu ubishi wake, maana amekulaumu kwa kosa langu na ana haki ya kujua. Fundi nitamfuata mwenyewe. Mdogo wangu mwambie nilimdanganya Alhamisi na nitamwomba radhi uso kwa uso. Wape majirani salamu.

Mikono yako haina kosa, Mama, na haikuwahi kuwa nalo. Usingoje mpaka Ijumaa. Weka barua hii chini, nenda chumba cha pili, ukambebe mjukuu wako.

Ni mimi mwanao,
niliyekuangusha.